Sukari Imeingia

Mama Kizibo ndilo jina alilopewa na mtaa, na ndilo lililodumu, hata yale aliyopewa na wazazi yakabaki kwa makarani tu. Alikuwa mjukuu wa mwanamke aliyesimama katikati ya barabara na ufagio mkononi akarudisha nyuma lori la mchanga lililotaka kukanyaga kitalu chake cha vitunguu. Alikuwa binti wa dobi ambaye mashati aliyoyanyoosha yalisimama yenyewe, ati ukiyaweka kitini unayasalimia. Alikuwa dada mkubwa wa wadogo aliowabeba mgongoni mmoja baada ya mwingine, akamaliza shule ya msingi na alama ya mbeleko begani. Alizika wazazi wake bila kuazima machozi ya mtu. Aliolewa na Bomba, fundi wa mabomba, akamzalia Mshonaji, binti yao wa pekee. Na kwa mkono wake wa kulia, uliokuwa mnene kuliko wa kushoto, alibana vizibo vya chupa za bia tangu ujana wake hadi nywele zikawa nyeupe, na hakuna aliyewahi kufungua chupa ya Mama Kizibo akaikuta imevuja.

Bia yenyewe haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya nyumbani, ya kunywa wenyewe na kuwapa waliokuja kwa heri. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na stoo, na stoo ilikuwa na heshima kuliko sebule. Sebuleni mgeni aliweza kuingia na viatu. Stoo hata mwenye nyumba alivua. Humo kulikuwa na pipa jeupe la plastiki lenye koki chini, limekaa juu ya meza fupi. Kwenye kifuniko Bomba alitoboa tundu akapitisha mrija mwembamba, na ncha yake ya pili akaizamisha kwenye chupa ya maji, ili hewa ya bia itoke na ya nje isiingie. Bia ikiwa kazini, mrija ulitoa mapovu majini: bluk, bluk. Ikimaliza, mrija ulinyamaza.

Kazi zote za mwanzo walizifanya pamoja, bega kwa bega, wakigombania mwiko. Walichemsha kimea, wakakichuja, wakatia maua makavu ya kuleta uchungu, wakapooza, wakatia hamira, wakafunga pipa. Lakini siku ya kujaza chupa ilikuwa na sheria zake. Bia iliyonyamaza imelala. Ukiinywa hivyo haina povu wala haikuchomi ulimi. Lazima itiwe sukari kidogo, iliyochemshwa na maji ikapoa, kisha ijazwe kwenye chupa na kubanwa kizibo. Hapo hamira iliyobaki huamka ikaila ile sukari, na hewa yake, ikikosa pa kutokea, hujibana ndani ya bia. Sukari ikipungua, umekunywa maji ya majani. Ikizidi, chupa inapasuka.

Na zilipasuka, mara moja, miaka ile Mshonaji alipokuwa bado anatambaa chini ya meza kutafuta vizibo vya kuchezea.

Chanzo kilikuwa pasi. Bomba alimpa mdogo wake, Dereva, pasi ya mkewe bila kuuliza, pasi aliyoachiwa na baba yake dobi. Mama Kizibo alinuna. Bomba naye, akiona amenuniwa kwa sababu ya chuma, akanuna juu ya kununa. Wakaishi ndani ya nyumba ile kama wapangaji wasiofahamiana. Siku ya kujaza chupa ikawakuta hivyo hivyo, midomo imeshonwa. Bomba akatia sukari asubuhi, akatoka kwenda kuzibua bomba la watu. Mama Kizibo akaingia, akaona pipa limefunikwa, akasema moyoni, "Huyu kwa kisirani chake hajaweka kitu," akatia ya kwake. Wote wawili walisuuza sufuria na kuirudisha mahali pake, maana kwa usafi walikuwa wamepatana. Chupa zikajazwa, zikabanwa, zikapangwa, na hakuna aliyefungua mdomo.

Siku za joto zilipofika, mtoto aliingia stoo kufuata mpira wake. Chupa ya kwanza ikapasuka, ikaamsha za jirani. Walipomtoa, uso ulikuwa damu tupu. Jicho lilipona, Mungu alikuwa macho. Lakini kigae kiliupasua unyusi wa kushoto ukawa vipande viwili, na nywele hazikuota tena katikati.

Tangu siku ile Bomba aliweka sheria, na mkewe akaitia muhuri. Sukari ni ya mkono mmoja, vizibo ni vya mkono mwingine, na mikono hiyo haibadilishani. Bomba akachukua sukari, mkewe akachukua vizibo. Kwenye kikombe cha bati Bomba alikwaruza alama kwa msumari: sukari hufika hapo, haivuki. Kila pipa likijazwa kwenye chupa, chupa moja iwe ya plastiki. Hiyo waliiita shahidi. Ya kioo huwezi kuiuliza kitu, lakini ya plastiki unaiminya kwa vidole: ikiwa laini, bado, ikiwa ngumu, tayari, ikivimba, kimbia. Na sheria kubwa kuliko zote: anayetia sukari apaze sauti, "Sukari imeingia!" na wa vizibo aitike, "Imesikika!" Asipoitikiwa, hakuna chupa inayoguswa.

Majirani walicheka. Sauti hizo zikivuka ukuta, mwenye duka wa pembeni naye huitika kwa utani, "Imesikika hata huku!" Mama Kizibo hakujali. Hata walipokuwa wamekasirikiana, na walikasirikiana sana, maana wote wawili walikuwa na vichwa vigumu, mwito ulitolewa na kuitikiwa. Pengine ndilo neno pekee walilosemezana wiki nzima.

Mshonaji alikua, akajifunza cherehani, akahamia kwake, lakini stoo hakuikanyaga tena. Akija kuwasalimia wazazi, bia aliletewa kwenye jagi. "Sitaki kuona chupa, baba," alisema, na baba yake akaenda kuimimina huko huko ndani, mlango umefungwa, akarudi na jagi kama mhudumu wa hoteli.

Mwaka huu Mshonaji alipata chumba chake mwenyewe cha kushonea, chenye dirisha linalotazama barabarani. Bomba alifurahi kupita kiasi. Akasema chumba hakifunguliwi mikono mitupu, na akapika bia ya kukifungulia. Akaipika polepole kuliko kawaida, akikaa chini mara kwa mara, akisingizia magoti.

Mrija uliponyamaza, wakajiandaa kujaza chupa. Mama Kizibo akafungua boksi la vizibo akakuta unyevu umeingia, vyote vina kutu.

"Nenda dukani, mke wangu," Bomba akasema, anawasha jiko. "Mimi naendelea na uji wangu wa sukari."

"Usijaze hata moja kabla sijarudi."

"Nimewahi?"

Dukani alikaa. Mwenye duka alikuwa na kisa cha mteja aliyekuja kurudisha sabuni aliyokwisha kuitumia, na Mama Kizibo alicheka mpaka akashika kaunta. Akarudi na vizibo vipya kwenye mfuko, bado kicheko kimembakia mashavuni. Alimkuta Bomba ameketi juu ya kreti, mgongo ukutani, kidevu kifuani.

"Amka wewe, vizibo hivi hapa."

Akamgusa bega. Akaelewa.

Sufuria ilikuwa imesuuzwa, imefunikwa kifudifudi juu ya rafu. Kikombe cha bati kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari wake. Pipa limefunikwa, mrija majini. Hivyo ndivyo Bomba alivyoacha vitu kabla ya sukari, na hivyo ndivyo alivyoviacha baada ya sukari, akisubiri pipa litulie. Hakuna aliyeuliza wakati ule. Nyumba ilijaa watu, viti vikaazimwa, sufuria kubwa zikapanda mekoni, na Mama Kizibo akakalishwa kwenye mkeka akapokea pole hadi masikio yakachoka.

Siku iliyofuata aliinuka kwenda stoo kutafuta vikombe. Alipofungua mlango akasikia: bluk.

Alisimama mlangoni. Bluk, bluk. Mrija ambao yeye na mumewe waliusikiliza pamoja, wakakubaliana kwamba umenyamaza, ulikuwa unasema tena. Hamira haiamki bila kupewa kitu. Kwa hiyo sukari iliingia. Na kama sukari iliingia, basi Bomba aliita. Tangu unyusi wa mtoto ulipopasuliwa hakuwahi kutia sukari akanyamaza. Alipaza sauti ndani ya nyumba tupu, akasubiri kuitikiwa, na wa kuitika alikuwa kwenye kaunta ya watu anacheka habari za sabuni, kicheko chake kimefunika sauti yoyote iliyovuka ukuta.

Hakumwambia mtu. Alirudi mkekani, akashika tama, na wanawake waliomzunguka wakasema, "Jikaze, mama," wakidhani ni kilio kile kile cha jana.

Watu walitawanyika kidogo kidogo, kama ilivyo desturi ya watu. Viti vikarudishwa. Mrija nao ukapunguza, ukawa unatoa povu kwa kusitasita, mwisho ukanyamaza kabisa. Nyumbani wakabaki watatu: Mama Kizibo, Mshonaji aliyekuja kulala na mama yake, na Dereva, ambaye alisema amebaki kusaidia na mpaka hapo alikuwa amesaidia zaidi kwenye kula.

Ni Dereva aliyelianzisha, asubuhi, anapiga mswaki uani.

"Shemeji, hii bia ya kaka tutaiacha iote ndevu?"

"Ndevu zako mwenyewe zimekushinda kunyoa. Za bia utaziweza?"

"Nasema tu. Sukari nakumbuka aliniambia kwa simu anachemsha. Basi si imo? Tujaze, tubane, tumalize."

"Imo wapi? Imeliwa. Nimeusikia mrija ukiitoa hewa yote nje, povu baada ya povu. Ukiijaza hivi ilivyo utakunywa maji ya kuoshea sufuria."

"Basi tuweke nyingine. Nipe hicho kikombe, mimi ndiye nitakayekuwa sukari."

"Wewe? Chai yako kijiko kinasimama wima. Tena pasi yangu hujairudisha mpaka leo."

"Shemeji! Msiba wote huu na wewe unakumbuka pasi?"

"Nakumbuka yote."

Mshonaji alikuwa ameketi kizingitini, anachambua mchele. Hakuinua uso. "Mimi nasema imwagwe," akasema.

Dereva akatema povu la mswaki. "Mwanangu, ile ni bia ya baba yako."

"Najua ni ya nani, baba mdogo. Najua na alimpikia nani. Ndiyo maana sitaki ituue. Nani ana hakika imeliwa yote? Aliyeijua sukari amezikwa. Mama anajua vizibo. Mkikosea mtaniletea kwenye chumba changu kipya, mtanipangia chini ya dirisha, na mimi nikae nishone nikingoja." Mkono wake ulipanda kwenye unyusi, ukashuka. "Imwagwe. Baba hataona."

Mama Kizibo aliwaacha hapo uani. Aliingia stoo, akavua viatu, akasimama mbele ya pipa. Kumwaga ilikuwa kazi ndogo. Ungefungua koki tu, na mwito ule wa mwisho ungekwenda na maji machafu mferejini. Akachukua glasi, akafungua koki kidogo, akaonja. Ulimi wake ulitafuta utamu ukaukosa. Ulikuta uchungu wa maua na mkate. Akapiga magoti akatazama mrija. Maji ndani yake yalikuwa sawasawa na maji ya chupa, hayasukumwi na kitu. Akakaa hapo kwa muda mrefu, mrefu wa kutosha kwa magoti kulalamika, akingoja povu hata moja. Hakuna.

"Mshonaji!" akaita. "Njoo hapa."

"Nakusikia kutoka huku, mama."

"Sikukuuliza kama unanisikia. Nimesema njoo."

Hatua zikaja zikasimama mlangoni. Mwanamke mzima, mwenye watoto wake, alisimama kwenye kizingiti kama aliyefikishwa ukingo wa shimo.

"Mwanangu, ngoja nikwambie, na usinikatize. Mrija huu ulikuwa umenyamaza kabla baba yako hajaondoka. Baada yake ukaamka. Maana yake alitia sukari. Na baba yako akitia sukari hufanya nini?"

"Huita."

"Aliita. Mimi nilikuwa dukani. Hakuna aliyeitika." Akafuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji. "Kila siku naisikia sauti yake. Naamka, najibu, lakini najibu hewa. Sheria ni ya baba yako mwenyewe: asipoitikiwa, hakuna chupa inayoguswa. Sasa mwito wake uko humu ndani ya pipa, haujajibiwa, na wewe unataka nifungue koki."

Uani Dereva aliacha kusugua meno.

"Sikujua," Mshonaji akasema.

"Hukujua, nilikuwa sijasema. Njoo uonje. Njoo, sakafu haiumi."

Alivua viatu. Aliingia akiambaa ukuta ule ambao hauna rafu, macho hayagusi kreti za chupa. Akapokea glasi, akaonja, akaonja tena.

"Si tamu," akasema polepole.

"Tazama mrija."

Akainama, wakatazama pamoja, vichwa vinagusana. Maji yalisimama.

"Una hakika, mama?"

"Kuhusu bia, nina hakika. Kuhusu mkono wangu, sina. Sijagusa sukari tangu siku uliyotoka humu na damu usoni, na sitaigusa. Mimi ni vizibo." Akainuka, akakitoa kile kikombe cha bati msumarini, akakipangusa kwa upindo wa kanga. "Baba yako mdogo simpi. Jirani simpi. Alama hii ilikwaruzwa kwa ajili ya uso wako. Ukiikataa, nafungua koki sasa hivi, na sitakulaumu wala sitalitaja tena. Ukiipokea, sukari ni yako."

Mshonaji alikitazama kikombe. Kwa ndani, chini ya ukingo, mkwaruzo wa msumari ulikuwa umeingia sana, kama mtu aliyeukwaruza hakutosheka na mara moja, akarudia na kurudia. Akaupitisha ukucha juu yake. Kisha akakipokea, akatoka kwenda jikoni.

Alimimina sukari kwenye kikombe, akaisawazisha kwa kidole mpaka ikalala sawasawa na alama. Akapunguza chembe kadhaa. Akazirudisha. Dereva aliyechungulia dirishani alitaka kusema kitu. Mama Kizibo akamkata jicho, naye Dereva akaenda kukaa zake chini ya kamba ya nguo. Sukari ikachemka na maji, ikapoa. Mshonaji akaileta stoo kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kazi, mashine ya kubania iko magotini, na pembeni bakuli la vizibo vipya, vile vile alivyovinunua siku ile.

Kifuniko kikafunguliwa. Mshonaji akamimina taratibu, akizungusha mwiko juu juu ili mashapo yasiamke. Akasuuza sufuria. Akafunika pipa. Akasimama.

Akashika ukingo wa pipa.

"Vipi huko, mmelala?" Dereva akauliza kutoka uani.

Machozi ya Mshonaji yalikuwa yamekwisha kufika kidevuni. Mama Kizibo hakumhimiza. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya mashine, mkono mnene na mkono mwembamba, na mahali pale alipoketi hapakuwa na haraka yoyote.

"Sukari," Mshonaji akasema. Akavuta pumzi, akainua kichwa kama baba yake alivyokuwa akikiinua. "Sukari imeingia!"

"Imesikika!" Mama Kizibo akaitika.

Aliitika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliye hatua moja mbele yake. Sauti ilivuka ukuta, ikavuka uani. Mwenye duka hakuitika kwa utani siku hiyo. Walisikia tu mlango wake wa chuma ukifunguliwa, na mtu akisimama.

Kisha wakafanya kazi. Pipa lilipotulia, binti alijaza chupa kwa mrija wa shaba aliouacha baba yake, akiishika kila chupa shingoni mwanzoni kama mtu anayeshika nyoka, baadaye kama mtu anayeshika chupa. Mama alibana. Tak. Tak. Dereva alibeba kreti, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alisaidia kweli. Zote ziliwekwa ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko, blanketi nzito juu yake, stoo hiyo hiyo, siyo chini ya dirisha la mtu.

Iliyobaki mwisho ilikuwa ile ya plastiki. Mama Kizibo aliijaza mwenyewe, akaiminya kutoa hewa ya juu, akaifunga, akaipangusa. Akaiminya tena: laini, inabonyea kama shavu la mtoto. Akamwekea Mshonaji mikononi.

"Huyu ni shahidi. Atakaa na wewe, kwenye chumba chako, pembeni ya cherehani unapomwona. Kila asubuhi kabla hujashona mminye, kisha unipigie simu uniambie yukoje. Usiniambie 'yuko vizuri tu'. Sema laini, au sema mgumu. Siku akikataa vidole vyako, nitakuja na zile nyingine tufungue chumba."

"Na akivimba?"

"Hatavimba. Lakini akivimba, usimguse. Toka nje, unipigie, nami nitaitika."